Pini za Kutoka Sirari

Mwaka wa pili tangu kaya zihamishiwe katika kijiji kipya huko Nyansurura, duka la ushirika halikuwa na pini hata moja. Cherehani ya kijiji ilikuwa moja, na mwalimu wake alikuwa Agustina, mjane aliyefunzwa ushonaji na watawa. Kazi hiyo ilimwondoa katika zamu za shamba la kijiji. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kulikataa jembe, naye hakuwa na mwana wa kumlimia. Akiikosa cherehani, angeyarudia matuta ya mahindi.

Kwa kukosa pini, wanawake aliowafundisha walibana vitambaa kwa miiba ya migunga.

"Mbuzi wakija humu watadhani ni malisho," mmoja wao, Mogesi, alitania, na chumba kizima kikacheka.

Sheria ya watawa Agustina aliijua barabara: pini ikingame mshono, kichwa chake kitokeze nje ya ukingo, nayo ing'olewe kabla sindano haijaifikia. Mwanzoni aliwashurutisha kuifuata hata kwa miiba. Lakini mwiba ukipigwa na sindano hupasuka tu, hauivunji sindano kama chuma, na sare za shule zilikuwa zikidaiwa kila siku. Asubuhi moja alichoka kusubiri.

"Piteni juu yake," akasema. "Huo ni mti tu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeng'oa kitu. Mwenye kasi kuwapita wote alikuwa Robi, mke kijana aliyekuwa ameolewa msimu uliopita. Alikanyaga cherehani huku akiimba, mikono yake ikisukuma kitambaa bila kusita.

Ikawa mgeni kutoka wilayani anatarajiwa Jumamosi, na wanafunzi walitakiwa kumpokea wakiwa na sare mpya. Alhamisi, Mwenyekiti Nyangwine aliingia na karatasi ya pini mpya zinazong'aa.

"Nimezifuata mwenyewe hadi Sirari, mpakani," alisema. "Sasa sitaki kusikia visingizio. Sketi arobaini, Mwalimu!"

"Zitakuwa tayari, Mwenyekiti."

Agustina alibana sketi ya kwanza kwa mkono wake, akampa Robi. Binti yule aliitazama, mguu umetulia juu ya kikanyagio.

"Mwalimu, na hizi tunapita tu?"

Jibu lilimfika Agustina kinywani. Ila Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, akitazama jua, na kueleza mbele yake kwamba amekuwa akifundisha kinyume kwa miezi kadhaa kulimwia vigumu.

"Wewe shona, mwanangu. Muda hatuna."

Robi akashona. Sindano ilipita pini ya kwanza kwa bahati, ikapita ya pili. Ya tatu iliigonga katikati. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Robi alijifunika uso kwa viganja, na damu ikapenya kati ya vidole.

Walimpeleka zahanati kwa baiskeli, kisha hospitali. Aliporudi, wiki tatu baadaye, alikuwa na jicho moja.

Kamati ya kijiji iliketi. Mwenyekiti alitaka kujua ni uzembe wa nani.

"Mwalimu, huyu alifundishwa namna ya kutumia pini?"

Robi aliketi kando ya mumewe, kitambaa cheupe kimefungwa usoni, akimwelekea Agustina. Hakumtazama kwa hasira. Alikuwa akimngoja aeleze.

"Wote niliwafundisha," Agustina akasema. "Pini hung'olewa kabla sindano haijaifikia. Ndivyo nilivyowafundisha siku ya kwanza."

Hakuna neno lililokuwa la uongo katika jibu lile, na karani akaliandika lote. Mogesi, aliyeyasikia yote mawili, fundisho la siku ya kwanza na lile la "Piteni juu yake", aliinamisha kichwa akachezea pindo la kanga yake. Robi akaandikiwa uzembe, akaondolewa katika cherehani, akapangiwa shamba.

Agustina alibaki na kiti chake. Asubuhi ya Jumatatu aliketi dirishani akitunga uzi, wanawake wa zamu wakapita na majembe begani. Robi alikuwa wa mwisho. Alikuwa hajazoea kuona upande mmoja, akajikwaa kwenye kizingiti cha uzio, akajiweka sawa. Alipofika dirishani alisimama, akapiga goti kidogo kama mwana aliyelelewa vema.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nyuma yake wenzake walikuwa wakimwita aharakishe. Hakuondoka, adabu ilimtaka angoje aitikiwe.

"Marahaba," Agustina akasema.