Kijidudu Kisicho na Ukuta

Nesi Limi aliingia wodini nusura akimbie, mkononi ana vidonge vya rangi mbili. Wiki nzima Mzee Bulugu alikuwa amechomwa penisilini, na kikohozi hakikusikia dawa. Hata hivyo mzee aliviona vidonge akageukia ukutani. Kwake dawa ni sindano.

Limi akapiga magoti kando ya kitanda kwa furaha. "Baba, penisilini huua kijidudu kwa kukibomolea ukuta. Nimewaza, na daktari kakubali: hiki chako hakina ukuta."

Bulugu akageuka. Wakati wa Operesheni Vijiji serikali ilimbomolea nyumba ili ahamie kijijini. Yeye akaingia na ng'ombe wake katika misitu ya Biharamulo, askari wakamtafuta mpaka wakachoka.

"Kumbe mwenzangu," akasema, akacheka hadi akakohoa. "Asiye na nyumba humfukuzi kwa kubomoa. Lete vidonge."