Dakika Kumi na Moja za Betri

Treni ilishatoka stesheni ya Oran na nyumba za mwisho zilikuwa zinapita dirishani pale Hajja Houria alipofungua kikapu akatugawia mayai ya kuchemsha, kama watoto wa shule. Zoubir hakula. Alikuwa amepakata kompyuta yake kwa mikono miwili.

“Kula,” Hajja akamwambia. “Ukizimia mbele ya tume nitasema sikujui.”

“Nikizimia, Shibani atawasomea karatasi.”

“Shibani? Huyu darasa kalionea dirishani.”

Ilikuwa kweli, nikamenya yai langu. Shibani ni mimi, mzee wa mvi. Nimeendesha malori hadi Tamanrasset, nimepakua meli Marseille, na miaka sita hiyo nilikuwa napanga chumba ghorofa ya chini ya kile cha Zoubir.

Tulikuwa tunakwenda Aljeri, mji mkuu, kwa ajili ya Redouane, mtoto wa Hajja. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini mbili iliyobeba wafanyakazi wa mafuta kusini. Ndani ya wingu la vumbi jenereta zote mbili zilikufa, akabaki na betri. Kitabu cha ndege kinasema rubani akizima vitu asivyovihitaji, betri humpa dakika thelathini. Uwanja ulikuwa mbali dakika ishirini. Yeye alianguka dakika ya kumi na moja, na abiria sita. Tume ya kuchunguza ajali ikaandika kwamba hakuzima chochote, alibabaika, akala umeme wote. Mama za wale sita walipokutana na Hajja sokoni walimpisha njia bila salamu. Alitaka neno hilo lifutwe kwenye jina la mwanawe. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Zoubir alikuwa fundi umeme wa ndege, amestaafu. Tangu astaafu alikuwa akitengeneza ndege za kwenye kompyuta, zile ambazo watu wa nchi zote huzirusha wakiwa nyumbani kwao. Ndege nyingi za namna hiyo umeme wake ni wa kitoto: upo, au haupo. Za Zoubir zilikuwa na kila waya na kila fyuzi. Volti zilishuka polepole. Rubani akibonyeza redio kuongea, taa zilififia, na ile saa inayoonyesha kama ndege imelala upande ilianza kuyumba na kumdanganya. Miezi minane aliijenga ndege ya Redouane, na mimi nilikuwa mkono wake wa kubonyeza swichi huku yeye akiandika. Betri ikiwa na mizigo yote, tulipata dakika kumi na saba. Mizigo ikizimwa, thelathini na nne. Kumi na moja haikutokea hata siku moja, mpaka wiki ile.

Tulipopita Relizane Hajja akasema, “Nionyeshe tena.”

Zoubir akaiwasha. Kanda ya sauti ya mnara wa uwanja alikuwa nayo. Dakika ya pili Redouane alisema amezima kila kitu. Nikazima kila kitu. Dakika ya tisa sauti yake kwenye kanda ilikuwa nyembamba, na kwenye kioo cha kompyuta volti zilikuwa zimeshuka toka ishirini na nne hadi kumi na nane. Dakika ya kumi na moja akakatika katikati ya neno. Kwenye kioo redio ikafa papo hapo, na ile saa ya kulala ikapinduka.

Hajja hakulia. Aliuliza, “Mwezi uliopita ilikuwa thelathini na nne. Umebadilisha nini?”

“Betri. Nimeipa thuluthi ya nguvu zake.”

“Kwa nini thuluthi?”

“Ndiyo namba pekee inayomkata pale alipokatika.”

“Lakini betri ya ndege si hupimwa? Nani aliipima hiyo?”

Zoubir aliangalia nje. Mashamba ya machungwa yalipita, kisha mengine.

“Mimi,” akasema.

Akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha. Betri inatakiwa ibanwe, yaani ivutwe umeme kwa ampea arobaini, saa nzima. Mashine ya kuibana iliungua, nyingine ikaagizwa, miaka miwili haikuja. Karakana ikazoea kufunga taa mbili za mbele za lori bovu. Wanaziwasha, wanakwenda kuswali alasiri, wanakunywa chai, wakirudi taa bado nyeupe wanatia sahihi. Taa mbili hula ampea sita. Betri iliyobaki thuluthi ingeziwasha saa mbili bila kuona haya.

“Nani aliwafundisha hivyo?”

“Mimi niliwafundisha vijana.”

Hajja alikunja kitambaa cha kikapu mara nne. “Ungeniambia Oran,” akasema, “ningepanda treni nyingine.”

“Nilijua.”

“Hayo utayasema kwanza. Kabla ya kompyuta.”

Tulipofika mbele ya tume, akayasema kwanza. Mhandisi wa tume aliitwa Bouzid, kijana mpole, alituletea kahawa mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ndege ikifa, akauliza programu ile imeidhinishwa na nani.

“Hakuna aliyeiidhinisha,” Zoubir akasema.

“Basi kwetu ni mchezo, ami. Mzuri, lakini mchezo. Na betri yenyewe iliungua.”

“Nimekwambia mimi sikuipima inavyotakiwa.”

Bouzid akafungua faili, akageuza daftari la karakana upande wetu. Betri imepimwa saa moja, ampea arobaini, ni nzima. Chini yake sahihi ya Zoubir, imenyooka.

“Hii uliandika kabla ya ajali, ukiwa kazini,” akasema. “Haya unayasema leo, umekuja na mama wa marehemu. Nikipeleka juu, wataamini ipi?”

“Karatasi ni uongo.”

“Inawezekana. Lakini ndiyo iliyo kwenye faili, na faili limefungwa.”

Zoubir akamwomba karatasi aandike upya. Bouzid akampa. Akaandika kurasa mbili, zikapigwa mhuri wa kupokelewa.

Hazikujibiwa. Ripoti haikubadilika, kosa bado ni la rubani. Hajja Houria yupo Oran, alihamia kwa bintiye upande wa pili wa mji, asikutane tena na wale mama sokoni. Zoubir hakumwona tena. Aliiachia ndege yake bure watu wairushe, wakalalamika kuwa betri ni mbovu, mmoja akairekebisha ikawa thelathini na nne, na hiyo ndiyo wanayorusha wote. Zoubir alikufa kwa sukari mwaka uliofuata. Karakana bado inafanya kazi. Kama mashine ya kubana betri ilikuja, sijui. Bouzid amepandishwa cheo. Mimi nimehamia Béchar, nalinda ghala la saruji.