Lalamiko Lililozaa Tikiti

Jumatatu asubuhi, mfagiaji wa kituo cha afya alikuwa akipiga deki chumba cha kungojea pale tambara lake liliponasa kwenye mzizi. Mzizi ulitoka kwenye sanduku la maoni. Akainua kifuniko, akakuta machungwa mawili mabivu na ndimu moja. Akayapangusa, akaendelea na kazi. Juu ya sanduku, sera ya huduma ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: KILA LALAMIKO LITAZAA MATUNDA.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Aliyeandika kwamba dawa zimekwisha alipata machungwa. Aliyeandika kwamba muuguzi ana mdomo mchafu alipata ndimu. Watu wakaanza kuja na vikapu. Wazee wenye afya ya chuma walilalamikia mabenchi, taa, hata jogoo wa jirani, wakarudi makwao wakicheka kama watoto, maji ya machungwa yakiwachuruzika mpaka viwikoni. Muuguzi mwenyewe akatoka mlangoni. "Jamani, leo nisemeni vibaya kidogo," aliomba. "Nina mafua, nataka ndimu."

Muuza mkaa mmoja, mama aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima, hakutaka tunda. Alitaka gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, nyuma ya kituo, limekaa juu ya mawe bila magurudumu, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mkaza mwanawe alikuwa mjamzito wa miezi tisa, na njia ya kwenda kituoni ilikuwa mlima mtupu. Redio akaandika: "Gari halina magurudumu." Sanduku likatoa tikiti maji. Kesho yake akaandika tena, kwa hasira. Likatoa kubwa zaidi, na kila siku aliyorudi, jingine.

"Mama, wewe lalamika tu," mkaza mwana alimwambia huku akitafuna. "Haya ya hasira ndiyo matamu."

"Kula, mwanangu. Lakini tikiti halipandi mlima."

Uchungu ulimshika mkaza mwana mchana wa jua kali, mumewe akiwa kazini. Mkokoteni wa mkaa ulikuwa umejaa matikiti na hapakuwa na muda wa kuyashusha. Redio akatandika blanketi juu yake, akamlaza mkaza mwana, akasukuma. Mlimani matikiti yakaanza kuponyoka. Majirani wakatoka mbio, huyu anasukuma, yule anadaka, fundi baiskeli akadaka mawili kwa mpigo akaanguka nayo mtaroni. Mkaza mwana akaangua kicheko katikati ya uchungu, akacheka mpaka akashindwa kujizuia, na mtoto akatoka pale pale, kwenye kona.

Hakulia. Redio akamgeuza, akampapasa mgongo, na kwa mara ya kwanza mtaa ukamsikia amenyamaza. Kisha mtoto akapiga ukelele uliofika sokoni.

"Huyu amekurithi wewe," fundi baiskeli alisema kutoka mtaroni. Redio akacheka huku machozi yakimtoka.

Kituoni, karani wa kumbukumbu alifungua daftari la vizazi. Mahali pa kuzaliwa, akaandika: Kituoni.

"Amezaliwa njiani, karani wangu. Pale konani."

"Najua, mama. Nimewaona dirishani, hongereni sana. Ila sera inasema kila mtoto azaliwe kituoni, na daftari hili ni la umma, watu wanalisoma. Njiani haimo."

"Na lile gari?"

"Gari limeandikwa kuwa ni zima."

"Hata alama ndogo pembeni?"

"Pembeni ni pa muhuri," karani alisema kwa upole, akagonga muhuri.

Redio akampasulia kipande cha tikiti. Karani akakila kwa uangalifu, asiidondoshee karatasi maji yake, akasifu utamu wake. Alipoinua macho dirishani, aliona mkokoteni mwingine, mjamzito amelala juu yake, ukianza kupanda mlima, na watu wanaousukuma wameshaanza kucheka. Akapangusa vidole, akaandika "Kituoni" kwenye mstari unaofuata.

Redio akamkabidhi mkaza mwana mtoto wake, akajifunga kibwebwe, akatoka kwenda kusukuma.