Injini ya Bluu

Injini ya boti yetu iligoma asubuhi ile ukoo mzima umeshapanda, tunakwenda kumwona mtoto mchanga wa dada yangu. Fundi ni mimi, kwa hiyo macho yote kwangu. Nikafunua kifuniko: injini nzima inang'aa, bluu tupu!

"Nilitaka kukufurahisha, mke wangu," alisema mume wangu. "Si ulisema haina sura?"

"Sura niliitaka. Sasa haina sauti!"

Nikapima sensa ya joto, kile kidude kinachopima joto la injini: mbovu. Ya mafuta: mbovu. Ya gia: mbovu.

"Zote zife kwa mpigo? Haiwezekani!" niliwaka. Kisha nikakumbuka kwamba zote zinategemea waya mmoja wa hasi, unaofungwa kwenye chuma cha injini. Nikaufungua. Chini yake, bwana yule alikuwa amepaka hadi kwenye tundu la boliti, na rangi haipitishi umeme.

Nikakwangua kwa kisu, nikakaza, nikawasha. Injini ikanguruma, mama mkwe akapiga vigelegele, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Mume wangu akachungulia, brashi mkononi. "Hapo pamebaki doa. Nipake kidogo?"

Boti nzima ikamjibu kabla yangu: "Thubutu!"