Kifungo Ndani ya Tofali

Nilisikia bombani kwamba kuna mtoto mtaa wa pili aligonga ukuta kwa kichwa akitafuta sarafu, kama yule mtu mdogo wa kwenye mchezo wa simu anavyoruka na kupasua matofali. Jina la mtoto hakuna aliyelijua. Lakini maneno yale yalinikaa rohoni: nikiosha vyombo nayasikia, nikichambua mchele nayasikia.

Binti yangu, tunamwita Chiriku kwa vile hanyamazi, ana miaka saba na mchezo huo anaupenda. Na baba yake ni fundi matofali. Uani kwetu yale mabichi huyapanga juu ya mbao alizoziinua kwenye mapipa, kuku wasiyakanyage. Chini yake kuna kivuli kizuri.

Basi mchana mmoja nikakaa kivulini humo na simu, niukague mchezo mwenyewe.

"Mama, ruka! Kichwa kwanza!"

"Hebu niache, nachunguza."

Nikaruka. Tofali likapasuka bila uzito, vipande vikaelea kama unga, sarafu ikalia ti. Nikapasua lingine. Na lingine. Jua la saa nane likapita kwenye turubai la buluu tulilotanda juu ya ua, ua wote ukawa wa buluu, kuku wakanyamaza, nami nikawa mwepesi hata miguu siihisi. Nikainuka kwenye kigoda bila kutazama juu.

Utosi wangu ukagonga ubao. Tofali moja likateleza, likapasuka hatua moja tu kutoka kwa mtoto. Ndani yake, kifungo cheupe cha shati la baba yake, alichokitafuta wiki nzima.

"Kipo!" Chiriku akakirukia. "Baba, matofali yako yana vitu!"

Baba Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. "Yote yana vitu, mwanangu. Nitafutie na kofia yangu."

Utani huo ndio uliotuponza. Kesho yake nilimkuta Chiriku amechuchumaa chini ya ubao ule ule, uso umetulia kama wa aliyelala, anahesabu polepole: "Moja... mbili..." Juu yake matofali kumi na moja. Sikupiga kelele, angeshtuka akainuka. Nilitambaa, nikamfunika utosi kwa kiganja.

"Tatu!"

Mkono wangu ndio uliogonga. Ubao ukatikisika, ukatulia.

"Mama, umenikosesha sarafu," akasema.

Mpaka leo kidole changu cha kati hakikunjiki vizuri. Na bombani sasa wanasema mtoto wa ule uvumi alikuwa wangu. Sikatai.

Wenzangu mnaolea, epukeni haya:

Kupanga matofali mabichi juu ya kichwa cha mtoto. Bora kuku wayakanyage.

Kuukagua mchezo mkiwa mmekaa chini ya kitu kizito.

Kumtania mtoto kwamba ndani ya ukuta kuna kitu.

Kumwita kwa kelele akiwa chini ya mzigo.

Kushona vifungo kwa uzi mmoja.