Sikio la Shaba

Mimi ni mtu wa maneno. Mji wa Kale wote wanijua: muuza samaki akinipunja, kelele zangu wazisikia hadi Majengo. Siku moja tu maishani nilinyamaza, na siku hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilikuwa mwanamwali wa miaka kumi na minane. Baba akaniita ukumbini. "Mwanakuu, Zein ameleta posa. Wasemaje?"

Na mimi roho yangu yote iko kwa Gharib, mfua shaba wa nyuma ya nyumba yetu! Kila alasiri tulizungumza dirishani, yeye na nyundo yake, mimi, mkono kiunoni, nikimcheka masizi ya usoni. Hasira zikanipanda. Nikamkazia Baba macho, neno halitoki. "Alhamdulillahi," akasema Baba, "amekubali." Kwetu mwanamwali akinyamaza, ndiyo ridhaa yake. Mama akapiga kigelegele, nami nimesimama pale, mjinga mimi. Gharib akaambiwa niliulizwa nikaridhia. Haukupita mwezi, akaenda ng'ambo kujifunza kusubu sanamu za shaba iliyoyeyushwa.

Zein alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Miaka kumi na miwili nilimpikia na kumheshimu. Lakini nikisikia nyundo popote, moyo wanienda mbio. Sikutaka kingine ila Gharib ajue kwamba sikuridhia.

Mwaka wa sitini na saba, nilipotoka eda ya Zein, jirani yangu Batul akaja mbio. "Shoga, Gharib amerudi! Sanamu zake zimewekwa mji mzima. Mume na mke, mume na mke! Moja Buxton, moja njia ya Kilindini, moja bustanini. Mashekhe wamenuna!"

Nikavaa buibui, Batul nyuma yangu, tukaenda bustanini. Lahaula! Mwanamke wa shaba ameketi, mkono kiunoni. Mwanamume amemwinamia. Nyuso hazina macho wala pua. Mna mdomo wa mwanamke tu, wazi, na sikio la mwanamume karibu yake. Mkono ule kiunoni ni wangu. Wa nani mwingine?

Gharib mwenyewe alikuwa ameinama akiisugua shaba kwa tambara, mgongo kwetu.

"Sabalkheri, Gharib."

Akazidi kusugua. Nikarudia. Wapi! Nikawaka. "Ewe! Ng'ambo wamekufunza kiburi?"

Batul akanivuta buibui. "Hasikii, shoga. Nyundo zimemla masikio."

Nikazunguka nikasimama mbele yake. Macho yangu tu yalionekana, lakini tambara likamdondoka.

"Mwanakuu," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Waliniambia uliridhia."

Nikamjibu. Akatikisa kichwa, akanyooshea kidole kitambaa kilichoniziba mdomo. Basi nikakifunua, mchana kweupe, mbele za watu. Batul akapiga ukemi.

"Sikuridhia," nikasema polepole. "Nilikasirika tu, Gharib. Nilikasirika nikashindwa kusema."

Akaufuata mdomo wangu neno kwa neno. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Na sasa nikileta posa?"

Mjane, kimya chake si jibu, lazima atamke. Nikatamka, naridhia! Nikatamka hadi wauza kahawa wa ng'ambo ya barabara wakageuka, na Batul akaziba masikio. Bustani nzima ilinisikia siku ile, isipokuwa yeye aliyeingoja sauti yangu miaka yote.