Rekodi za Migongo

Nyakerario alikuwa na miaka thelathini na miwili alipopewa kazi ya kuhamisha mfumo wa kompyuta wa zahanati ya shamba la chai, na aliipokea kwa furaha ambayo baadaye aliionea haya.

Mfumo wenyewe ulikuwa umezeeka. Mwanafunzi fulani wa chuo aliutengeneza miaka kumi na minne iliyopita, akaenda zake, na tangu hapo ukawa unaishi ndani ya kompyuta moja nyeusi chini ya kaunta ya Sista Sally, muuguzi wa zahanati. Stima ikipotea, nao unapotea. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, kama inavyojua kunyesha kwenye chai, kompyuta ilivuta unyevu ikaanza kukwama. Hakuna aliyethubutu kuigusa, maana hakuna aliyejua ndani yake nini kinategemea nini.

"Hii kitu itakufa siku moja," Sista Sally alizoea kusema, "na mimi ndio nitaulizwa ni nani ameiua."

Basi Bwana Onyiego, mkuu wa kompyuta kule ofisi kuu, alimwita Nyakerario na kumwambia autie mfumo huo kwenye kontena, uhamie kwenye seva mpya. Nyakerario alikuwa mfanyakazi wa mkataba, mwaka wa tatu sasa, mkataba ukiongezwa miezi sita sita kama mtu anayemwagiwa maji kwa kijiko. Onyiego alimpenda kwa namna yake. Wote wawili walikuwa watoto wa wachuna chai, watu waliotoka upande wa Kisii kuja kutafuta kazi, na wote walikulia kwenye nyumba za laini, vile vyumba vya safu ambavyo kampuni huwapa wachunaji.

"Ukimaliza hii vizuri, msichana wetu," alimwambia, "nitakupigania uandikwe kazi ya kudumu. Mimi pia nilitoka huko kwenye laini. Najua."

Jioni hiyo Nyakerario alimkuta mama yake, Drusilla, mlangoni akichambua mboga ya saga. Drusilla alikuwa amechuna majani kwenye shamba hilo miaka ishirini na sita, kikapu mgongoni, na sasa hakuweza kukaa kwenye kiti bila kushika ukuta kwanza. Alikaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha.

"Kontena?" mama aliuliza. "Kama zile malori yanapeleka Mombasa?"

"Ni wazo hilo hilo, mama. Sasa hivi ule mfumo ni kama mpishi aliyezoea jiko moja. Ukimhamisha anapotea, hajui chumvi iko wapi, sufuria si zake. Mimi namfungia jiko lake lote, na mwiko wake, na chumvi yake. Popote nitakapomshusha, anapika."

"Na kile chakula ameshapika?"

Nyakerario alicheka. Mama hakuwa amesoma kupita darasa la nne, lakini alikuwa ameuliza swali lenyewe. Akamweleza kwamba rekodi zote zinakaa kwenye hifadhidata, na hifadhidata nayo hupewa kontena yake. Ila kontena ni kitu cha kubomolewa na kuinuliwa upya wakati wowote, na kilichoandikwa ndani yake huondoka nayo. Kwa hiyo rekodi huwekwa nje, kwenye diski, na kontena hufunguliwa mlango tu wa kuzifikia.

"Ukisahau huo mlango?"

"Siku ukiibomoa kontena, umebomoa kila kitu."

"Basi usisahau," mama akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Kazi ilichukua wiki tatu. Nyakerario aliifanyia mezani pake ofisi kuu, na siku nyingine kwenye benchi la zahanati, katikati ya watoto wenye homa. Aliandika maelekezo ambayo seva ingeyafuata mstari kwa mstari kuijenga kontena ya mfumo, kisha mengine ya kuziinua kontena zote mbili kwa pamoja. Mara ya kwanza mfumo ulikataa, ukitaka programu za miaka kumi na minne nyuma. Ilibidi azisake moja moja. Mara ya pili mfumo uliamka kabla hifadhidata haijawa tayari, ukagonga mlango, ukakosa wa kufungua, ukaanguka. Akaufundisha kungoja. Mara ya tano ukasimama. Aliibomoa kontena ya hifadhidata makusudi, akaiinua upya, na majina ya majaribio yalikuwa palepale. Alimshika Sista Sally mikono yote miwili wakacheka kama wasichana.

Kisha akanakili rekodi halisi kwenye flashi na kuzipakia. Ziara elfu sitini na moja za wagonjwa zilipanda bila hata moja kupotea. Ili kuhakikisha, aliandika jina la kwanza lililomjia: Drusilla Kebaso.

Ziara arobaini na tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka Nyakerario alioingia kidato cha nne. Maumivu ya mgongo wa chini. Apumzike siku mbili. Maumivu ya mgongo, mguu wa kushoto unakufa ganzi. Kisha maneno ya Sista Sally, yanayojirudia mwaka baada ya mwaka: *Apewe kazi nyepesi. Apewe kazi nyepesi. Nimeshaandika mara sita, apewe kazi nyepesi.* Nyakerario alisoma zote. Nyingine ziliangukia siku alizokumbuka kwa mambo mengine kabisa, kama siku mama alipokuja shuleni kumwona akipokea zawadi, akasimama nyuma ya ukumbi muda wote. Kumbe asubuhi ile alikuwa ametoka kudungwa sindano.

Hili halikuwa jambo la nyumbani tu. Tangu kampuni ilete mashine za kuchuna na kuanza kupunguza watu, wachunaji mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameungana kudai kwamba migongo yao iliharibikia kazini. Drusilla alikuwemo, pamoja na rafiki yake Chepchirchir wa Ndanai, aliyegawana naye mstari wa chai kwa miaka mingi. Wakili wao alikuwa ameiandikia kampuni akiomba rekodi za zahanati.

Siku nne kabla ya kuhama, Onyiego alimwita Nyakerario akafunga mlango.

"Mfumo tunauhamisha. Rekodi za zamani hapana. Tutaanza na hifadhi tupu."

Nyakerario alidhani hakusikia vizuri. "Lakini bosi, rekodi zimeshapanda. Nimezihesabu. Ziko sawa."

"Ziko chafu. Zilikusanywa kabla ya sheria ya kulinda data, na hao watu hawakutia sahihi popote. Wanasheria wa kampuni wanasema tukizihamisha tunajitafutia makosa. Kompyuta ya zamani itaharibiwa kulingana na utaratibu."

"Na ile barua ya wakili?"

Onyiego alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kubishana na nafsi yake na kushinda.

"Nyakerario, mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Barua yako ya kudumu iko hapa, imebaki sahihi moja. Kazi ya kudumu ina nyumba ya ofisi. Mama yako akiachishwa, ataenda wapi? Ndugu zake walishauza shamba." Akasogeza karatasi mezani. "Na nakala yoyote uliyo nayo, ulete. Utaandika hapa kwamba umefuta na hujabaki na kitu."

Alitembea na flashi ile mfukoni siku tatu. Angeweza kuinakili tena. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Angeweza kumpelekea wakili, ofisi yake ilikuwa mjini Kericho, ghorofa moja juu ya duka la viatu. Alifikiria sahihi yake, akafikiria polisi, akafikiria mama yake akitolewa kwenye nyumba ya laini na magodoro yake mgongoni, mgongo ule ule. Alijiambia kwamba kesi haiwezi kutegemea kompyuta moja. Alijiambia kwamba Sista Sally yupo, atasema. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Jumamosi, saa nne asubuhi, alizishusha kontena, akafuta ile diski ya nje aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaunda nyingine tupu, akaziinua tena. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Akampa Onyiego flashi na kutia sahihi. Kompyuta nyeusi ya zahanati ilichukuliwa siku hiyo hiyo kwenda kuharibiwa.

Jumatatu Sista Sally alimpigia simu.

"Nyakerario, mfumo unafanya kazi vizuri sana. Una kasi. Lakini watu wangu wako wapi?"

"Wanakuja, Sista," alisema. "Wanapandishwa polepole."

"Karatasi za zamani walichoma mwaka ule mfumo ulipoanza," Sally alisema. "Waliniambia hazihitajiki tena, zote ziko kwa kompyuta." Kisha akakata simu.

Barua ya kudumu ilikuja Alhamisi. Drusilla aliibusu, akaimba wimbo wa kanisani, akaenda kumwonyesha Chepchirchir.

Madai yalisikilizwa mwezi wa saba, katika ukumbi wa hoteli mjini Kericho, mbele ya msuluhishi ambaye pande zote mbili zilimkubali. Nyakerario aliitwa na kampuni kuwa shahidi wa mfumo. Aliketi upande wa kampuni, kando ya Onyiego. Ng'ambo ya pili walikaa wachunaji, nguo za Jumapili, wengine wakisimama kwa sababu kukaa kuliwauma. Mama yake alimpungia mkono kidogo, kwa fahari, bila kuelewa bado.

Karani wa kampuni alisoma majina. "Chepchirchir Koech: hakuna rekodi ya matibabu ya mgongo. Drusilla Kebaso: hakuna rekodi."

"Vipi hakuna?" Drusilla alisema kwa sauti. "Msichana wangu ndiye ametengeneza hiyo mashine. Muulizeni!"

Watu waligeuka. Nyakerario akaapishwa. Wakili wa kampuni alimuuliza kama mfumo una kasoro yoyote, akajibu kwamba hauna. Ndipo wakili wa wachunaji, mwanamume mpole mwenye koti lililopauka, akasimama.

"Mfumo huu una rekodi za tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano mwaka huu."

"Na kabla ya hapo, watu hawakuugua?"

Nyakerario alimtazama mama yake, aliyekuwa ameegemea mbele akishika kiti cha mbele yake, akingoja jibu ambalo lingewamaliza hawa watu wa kampuni.

"Waliugua," alisema. "Rekodi zilikuwepo. Elfu sitini na moja. Za mama yangu zilikuwa arobaini na tatu, nilizisoma. Nilizifuta mimi."

Ukumbi ulivuma. Alidhani, kwa dakika hiyo moja, kwamba alikuwa amefanya lililobaki kufanywa. Kisha Onyiego akainuka taratibu, akaomba ruhusa, akaonyesha fomu yenye sahihi ya Nyakerario. Alisema kampuni inasikitika sana. Alisema kuhamisha hifadhidata kwenye kontena ni kazi ngumu, na fundi wa mkataba, kwa kukosa uzoefu, alifuta diski isiyofaa, akaficha kosa hadi leo, kompyuta ya zamani ikiwa imeshaharibiwa. Nyakerario alisema aliagizwa, lakini maagizo ya kuanza na hifadhi tupu hayakuwa yameandikwa mahali popote. Msuluhishi alimuuliza Nyakerario kama ana barua, ujumbe, chochote. Hakuwa nacho. Alichokuwa nacho alikuwa amekirudisha mwenyewe.

Sista Sally alitoa ushahidi siku iliyofuata. Alikumbuka watu wengi, na maumivu yao, lakini si tarehe. Msuluhishi aliandika kwamba kupotea kwa rekodi kulitokana na uzembe wa mfanyakazi mmoja, wala hakukuwa na nia mbaya. Watu kumi na tisa waliokuwa na picha za eksirei kutoka hospitali za nje walikubaliwa. Chepchirchir alikuwa mmoja wao, kwa sababu aliwahi kuanguka na mtoto wake akampeleka kupigwa picha mjini. Drusilla hakuwa na picha. Hakuwahi kutibiwa mahali pengine. Zahanati ya kampuni ilikuwa bure.

Nyakerario aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo, na jina la Drusilla likatokea kwenye orodha iliyofuata ya waliopunguzwa. Walipewa siku saba za kuhama nyumba ya kampuni. Walifunga vyombo bila kusemezana mpaka siku ya tano, Drusilla akiwa ameketi juu ya gunia la nguo.

"Ulijua jina langu limo," alisema.

"Nilijua."

"Ulizisoma zote?"

"Zote, mama. Nilifanya kwa ajili ya nyumba. Nilifikiri utabaki bila mahali."

Drusilla alitikisa kichwa polepole. "Miaka ishirini na sita nimefanya kila kitu kwa ajili yako, na kila mara nilikuambia ni nini nafanya. Wewe hata kuniuliza?"

Nyakerario alisema atakodi chumba Merigi, karibu na soko, wakae wawili mpaka apate kazi. Mama akaendelea kukunja nguo zake. Siku ya saba Chepchirchir na mtoto wake walikuja na pikapu kutoka Ndanai kumchukua Drusilla. Walipakia godoro, sufuria, na kuku wawili miguu imefungwa. Chepchirchir alimshika Drusilla kwapani, wakampandisha mbele kwa taabu, na mlango ukafungwa.

Nyakerario alisogea dirishani kuaga. Mama yake alikuwa akitafuta namna ya kukaa isiyomuuma, na hakuinua uso.